Injini ya Mwalimu Dismasi

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda changu cha baiskeli, hatua chache kutoka stesheni ya Tabora. Kuna benchi moja, birika la Awadhi muuza kahawa na sahani ya kashata. Wa kila asubuhi ni Sylvester, mstaafu wa reli tunayemwita Behewa; Revocatus wa bodaboda, tuliyempa cheo cha Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui"; na mimi Justus, ambaye wao huniita Spoku. Leo alikaa nasi Yoramu, kijana wa kompyuta, akatoboa alilolificha miezi minne: injini yake imekataliwa. Si injini ya chuma. Rafiki yake Dismasi, mwalimu wa Ulyankulu, ametunga lugha ya kuiamuru kompyuta kwa Kiswahili, ili wanafunzi wake wasikwame kwenye Kiingereza kabla hawajaanza kufikiri. Shule haina kompyuta, ina simu mbili za walimu. Sasa kuna jukwaa huria mtandaoni: unatuma programu yako kwa simu, mashine za huko zinaiendesha, zinakurudishia jibu. Ila kila lugha lazima iundiwe injini yake humo ndani, yaani programu ya kuisoma na kuiendesha, na wasimamizi waikubali. Yoramu aliiunda kwa miezi minane.

Profesa: Wivu tu huo, bana! Wameona Mtabora anawapita.

Behewa: Acha zako. Nimekaa reli miaka thelathini na moja. Injini ikikataliwa, kapime magurudumu. Yake haikukaa kwenye njia yao.

Yoramu: Ilikaa, mzee. Majaribio yote ilipita. Wakasema kazi safi.

Profesa: Basi ndo ujue kuna jambo. Zile lugha za zamani zina wenyewe. Kiswahili kikiingia, Afrika nzima inahamia. Wao watakula wapi?

Awadhi: Mi nasikia mashine zile zinawekwa kwenye baridi kali. Labda Kiswahili kinazichemsha.

Behewa: Kinazichemsha nini, we! Hapa misafara ya pembe za ndovu ilipita, tukabeba mizigo, njia wakapanga wao. Ni yale yale.

Profesa: Njia tulipanga sisi, mzee! Mnyamwezi ndiye alikuwa mbele. Hicho ndo kisasi wanacholipa leo!

Nikacheka. Halafu nikaona aibu, maana Yoramu alikuwa ananitazama.

Yoramu: Fundi, wewe unakumbuka walichoniuliza.

Nilikumbuka vizuri sana. Kabla ya kuamua, wasimamizi waliuliza swali moja tu: nani ataitunza injini hii miaka ijayo? Yoramu alikuja na simu yake hapa hapa, anataka kuandika "mimi". Mimi, na grisi mikononi, nikamzuia. Nikamwambia mtu hajitangazi mbele ya wakubwa. Jishushe, waone una adabu, watakuchagua wenyewe. Behewa akaitikia kwamba hata uchumba huku tunaomba hivyo. Yoramu akaandika: mimi ni mwanafunzi tu, ninyi wakubwa ndio mnajua nani anafaa. Tukampongeza, na Awadhi akamwongezea kahawa.

Yoramu: Walisubiri siku thelathini mtu ajitaje. Kimya. Wakalifunga ombi. Waliandika kwamba kazi ni nzuri, ila haina mwenyewe.

Behewa: Si uwaambie sasa kwamba mwenyewe upo?

Yoramu: Niliona haya, nikanyamaza. Sasa wametoa toleo jipya, wamebadili namna ya kuunganisha injini. Ni kuanza upya, mzee. Na Jumatatu naripoti kazini Dodoma.

Spoku: Nilikuharibia, mwanangu. Nisamehe.

Yoramu: Mkono ulioandika ni wangu, fundi.

 Profesa alikuwa anafuta kioo cha pikipiki yake, nacho kilikuwa safi tangu alipofika.

Hapo akaja dada mmoja kutoka kituo cha mabasi, amebeba mfuko mzito.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Naitwa Recheli, nafundisha na Mwalimu Dismasi. Nimeambiwa kwa fundi Justus ndiko anapatikana Yoramu. Simu yake haipokelewi siku hizi.

Yoramu akasimama. Recheli akampa mkono, akaanza kupanga madaftari kwenye benchi, pale kati ya vikombe. Yalikuwa arobaini na mawili.

Recheli: Watoto wameshaandika programu zao. Mwalimu kasema uanze na hizi, injini ikiwaka.

Yoramu akafungua la juu. Eustadia Nijimbere, darasa la sita. Kwa penseli, herufi zimenyooka: andika "Shikamoo kompyuta". Chini yake palikuwa na mstari mtupu, halafu programu nyingine.

Recheli: Mwalimu aliwaambia waruke mstari. Wataujaza kompyuta ikishajibu. Wananiuliza kila siku. Niwaambie lini?

Behewa akatazama kikombe chake. Awadhi akainamisha birika, halikutoa kitu. Nilitamani aniulize mimi peke yangu, nikiri. Lakini aliuliza benchi zima.

Yoramu akafungua daftari la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa yamerukwa mstari.