Kahawa ya Siku ya Kwanza

Teksi ya kwenda Nizwa, huko Omani, ilikuwa haijafika mji wa Izki, na Bi Shukriya, aliyekaa nyuma, keshajua kuwa yule bwana mweusi wa mbele ni mwalimu wa chuo.

"Kila mwaka wanafunzi wapya hunidhania mtumishi, wakaniagiza kahawa," mwalimu alimwambia abiria wa ubavuni mwake. "Huwamiminia wote, kuanzia kulia. Nikishamaliza, nashika chaki."

"Wallahi ningeacha kazi! Unajidhalilisha, bwana."

"Wenzangu walioudhika wameshaacha. Mimi mwaka wa sita huu."

Bi Shukriya alikunja uso. Angekuwa yeye, kahawa ingewamwagikia kanzuni. Walipofika Nizwa, teksi ikasimama mbele ya chuo.

"Na mwakani utawamiminia tena?" aliuliza yule abiria.

"Nitawamiminia," alijibu mwalimu, akishuka na mkoba wake. "Na mtihani nitatunga mimi."