Fomu ya Bima Niliyoificha Chini ya Godoro

Bwana asifiwe, wapendwa! Naomba mnivumilie, maana ushuhuda huu unanitia aibu. Wengi hapa Kintinku mnanijua kama mwalimu wa watoto wenu. Mnaniona kwenye kwaya, mnaniona kwenye maombi. Hamkujua kwamba nilikuwa mtumwa wa shuku. Nilimshuku kila mtu! Ukinisalimu kwa furaha, najiuliza unataka nini kwangu.

Ndugu zangu, mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa, baba yangu alipooza upande wa kulia, na ulimi ukawa mzito. Mume sina, na kutwa niko darasani. Nikamwomba Mama Lea, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, awe anashinda naye kwa mshahara. Alimwogesha, akamlisha uji, akamgeuza asipate vidonda. Baba akanawiri! Na mimi badala ya kushukuru, nilikuwa natia alama kwenye kopo la sukari kabla ya kwenda shule.

Kisha akaja afisa wa bima kutoka mjini, akatukusanya walimu. Akauliza nani ameajiri mtu wa kutunza mgonjwa nyumbani. Niliinamia daftari langu, lakini wenzangu wakanigeukia.

"Mwalimu," akaniambia, "huyo mama akivunjika akimnyanyua mzee, atatibiwa na nani? Wanawe watakula nini?"

Akanipa fomu. Ilitaka niandike kazi zake zote: kunyanyua, kuogesha, kuchemsha maji. "Usiache hata moja," akasema. "Kazi ambayo hukuiandika, bima inaweza kuikataa."

Mnajua niliwaza nini? Niliwaza, huyu ametumwa! Siku zile kila mkutano ulikuwa unasema juu ya wanyonyaji. Nikiandika kwa mkono wangu kwamba nina mtumishi, si kesho nitaitwa bepari mbele ya kijiji kizima?

Jioni hiyo nikamkuta yule afisa kisimani anazungumza na Mama Lea. Waliponiona, wakanyamaza. Nikasema moyoni, wamepatana hawa! Nikishatia sahihi tu, huyu mama atajiangusha makusudi ili alipwe. Nikaificha fomu chini ya godoro.

Baada ya siku chache Mama Lea akaniuliza, "Mwalimu, ile karatasi ya yule bwana umeijaza?"

"Una haraka nayo ya nini?" nikamjibu. Akainamisha kichwa, akaendelea kupepeta mtama.

Haukupita mwezi, nikaitwa kutoka darasani. Nilimkuta Mama Lea amelala kwenye mawe ya uani, pale alipokuwa akimwogeshea Baba. Mguu wake umepinda chini ya goti. Baba ameketi kando yake, amelowa, analia. Ndugu zangu, sikumwuliza hata ameumia wapi! Nilisema, "Umejiangusha! Na fomu sijaijaza, kwa hiyo umekosa malipo!" Nilisema hivyo majirani wakisikia. Yeye alifumba macho tu.

Ndipo Baba akapiga ardhi kwa mkono wake mzima. Akasema kwa ule ulimi mzito, neno moja moja: "Mimi... nimeteleza. Yeye... akajitupa chini yangu. Kichwa changu... kisigonge jiwe."

 Hata hapo shuku haikutaka kutoka! Nikamwuliza Mama Lea, "Na kule kisimani mlikuwa mnapanga nini?"

"Nilimwuliza kama karatasi inamkinga mzee pia," akasema Mama Lea, "nikikosea nikamwangusha. Tulinyamaza kwa sababu ulitutazama vibaya, Mwalimu."

Nilipiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni. Nikalia, "Bwana Yesu, nitoe katika kifungo hiki!" Sikuona nuru, sikusikia sauti. Ila kwa mara ya kwanza nilimtazama yule mama bila kumtafutia kosa. Bwana alinifungua!

Wanaume walimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Bima ya mguu ule haikuwepo, maana fomu yake niliilalia mimi mwenyewe. Nikaenda kwenye mkutano wa kijiji uliokuwa ukiutisha moyo wangu, nikaungama yote. Hakuna aliyeniita bepari. Walipanga zamu ya kushinda na Baba. Mimi nililima shamba la Mama Lea msimu mzima na kuwapikia watoto wake. Siku za mapumziko nilimnyanyua Baba peke yangu, na mgongo wangu ukajua ni kazi gani ile.

Mama Lea alirudi kwetu kwa hiari yake, akichechemea. Kabla hajagusa chochote tulikaa na fomu. Yeye alitaja kazi, mimi nikaandika. "Andika na kumshusha kitandani," akanikumbusha. Afisa aliporudi nilimwuliza maswali mstari kwa mstari mpaka akatoka jasho, maana kuuliza si dhambi! Dhambi yangu ilikuwa kuhukumu bila kuuliza.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Wewe mwenye mtu anayemshika mgonjwa wako, usingoje avunjike. Mtumaini Yesu, yeye anaweza kukufungua leo. Kisha nenda nyumbani, keti na mtu huyo, mwulize kazi gani inamwumiza.

Mama Lea ameketi pale benchi la nyuma. Sitamwomba asimame, maana akisimama anaumia. Mama Lea, mbele ya kanisa hili, naomba unisamehe.