Daftari Jekundu la Mama Ursule

Sikilizeni wanangu, Glodie na Médard. Fungeni mlango kwanza, maana sauti yangu imebaki ndogo na hata hiyo ndogo sitaki majirani waisikie.

Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Asije ndugu yeyote kumwambia Glodie kwamba mwanamke harithi. Nimefundisha chuoni miaka thelathini na mbili kupinga neno hilo, lisisemwe kwenye matanga yangu. Vitabu vipelekeni maktaba.

Kazi yangu, mnajua, ilikuwa kuuliza watu: wajane walionyang'anywa nyumba, watoto wa wazungu na wanawake wetu, waliokataliwa pande zote mbili, wanaume wanaopenda wanaume. Walinifungulia mioyo kwa sababu niliwaapia kwamba majina yao hayatatoka. Katika maandishi niliwapa namba. Majina yenyewe yamo katika daftari jekundu, chini ya godoro hili.

Mara moja nilizembea. Niliandika kwamba namba saba, mmoja wa wanaume hao, ni mshona nguo wa Yanonge mwenye kovu shavuni. Mwenye kovu pale alikuwa Arthur peke yake. Walimpiga, wakachoma cherehani yake, akakimbilia Isangi kwa mtumbwi akiwa anatema damu, akafia huko. Mimi, kwa andiko lile lile, nikapewa uprofesa. Tangu hapo kila hodi hunishtua. Na wiki jana walikuja wanaume wawili, wenye adabu sana, wakauliza kama mama profesa ana orodha ya majina. Nikasema sina. Waliondoka bila kuaga.

Bon. Nilidhani ninawaogopa hao. Lakini Jumapili, tonton Jérôme, ndugu yangu, alipokuja kuniona akakupa mkono, Médard, wewe ulirudisha wako nyuma. Tonton aliyekubeba mgongoni ulipougua surua. Ndipo nikajua umelifungua daftari, umeona jina lake.

Usiinamishe kichwa, mwanangu. Umemwambia nani?

Unasema mke wako tu. Na Annette amemwambia nani? Hujui. Ee Mungu, hata wewe hujui.

Donc, inuka. Nenda kwa tonton sasa hivi, kabla ya wale wawili. Mwambie ulichofanya, usifiche kitu, umwombe msamaha, kisha umpeleke kwa binamu yetu kule Kapalata, ukae naye mpaka apate boti. Usimwache peke yake hata akikufukuza.

Glodie, washa mbabula, makaa yamo ndani. Chana daftari karatasi moja moja, choma, usisome. Ngoja... nipe maji kwanza.

Nimekubariki, binti yangu, wewe na watakaotoka kwako, mlale bila hofu. Mnizike na... hapana, mtajua wenyewe.

Médard, mbona bado umesimama? Unangoja nikubariki. Baraka yako nimemwachia tonton. Akiwa hai... atakupa yeye. Nenda, mwanangu. Nenda.