Kinu Kilichonyamaza South Beach

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Mafundi Wahamiaji. Mchungaji Athanase, uliyetufungulia ukumbi huu wa Greyville. Ndugu wageni waalikwa. Mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kana kwamba mnangoja teksi: kila mmoja namsalimu kwa salamu ya kwao.

Nimeombwa nimtangaze mshindi wa mashindano yetu ya uvumbuzi wa gharama nafuu. Zawadi ni nafasi ya mwaka mzima katika karakana ya Umoja, na nafasi ni moja. Kwa hiyo atakayeikosa ana haki ya kusikia sababu.

Je, mashine yenye gharama nafuu ni ipi? Ni ile ya bei ndogo siku ya kununuliwa? Nilitengeneza pampu za maji kule Uvira kabla vita haijanitoa, na tangu hapo nimeishi nchi nne. Nimezoea kuuliza maswali mengine. Ikiharibika, nani ataitengeneza, na kwa kitu gani? Na mwenyewe akilazimika kuhama, ataibebaje?

Mwezi uliopita mimi na Ndugu Gosbert, mwanafunzi wa uhandisi, tulikwenda mtaa wa South Beach, ghorofa ya saba, kwa Mama Marie. Mnamfahamu: ndiye anayewatwangia sombe, au kisamvu kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Jirani wa chini yake, Mama Coletha, alikuwa amelalamikia mshindo wa kinu, na msimamizi wa jengo alikuwa ametamka: ukisikika tena baada ya mwisho wa mwezi, Mama Marie ahame na watoto wake.

Shemeji yake, Ezéchiel, aliunda mashine. Mota aliitoa kwenye mashine ya kufulia, akaifungia visu ndani ya pipa la chuma. Ni kazi safi, kila bolti mahali pake, na inamaliza gunia la majani wakati mikono ingali kwenye beseni la kwanza. Lakini umeme ulikatika tukitazama. Uliporudi, Mama Marie alichovya kidole, akaonja.

"Shemeji, hii iko inakula courant ya umeme kuliko watoto wangu wanavyokula bugali, na sombe bado iko na nyuzi!"

"Mashine haina shida. Shida iko mdomo yako."

"Mdomo hii ndiyo inauza, papa."

Kisha akatuonyesha uvumbuzi wake mwenyewe: tairi kuukuu aliloliokota sokoni Warwick, ndani yake gunia la mchanga, juu ya mchanga kinu kilekile cha siku zote, kimefungwa kwa mipira ya baiskeli kisiguse sakafu. Basi.

Tulishuka kwa Mama Coletha tukasikilize. Alitupa viti, akakaa amekunja mikono. Tukangoja.

"Wazee wangu, mbona hawaanzi? Nina chungu jikoni."

Gosbert akapiga simu juu. Mama Marie alikuwa ameshamaliza, anaosha mchi.

Lilibaki swali la kuhama, nalo tukalijaribu papo hapo. Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake. Mashine ya Ezéchiel iliteremshwa na wanaume wanne na ugomvi mmoja. Mama Marie alimwaga mchanga, akabeba kinu kichwani, tairi akaliviringisha mwenyewe.

Ezéchiel, chombo chako ni kizuri, kinataka nyumba ya chini na mwenye duka. Usikivunje. Lakini mshindi ni Mama Marie. Mwisho wa mwezi umepita, na bado anakaa ghorofa ya saba.

Neno moja tu nje ya uamuzi. Kwetu Uvira, vinu vya majirani ndivyo vilivyotuambia kumekucha. Nyumba ambayo kinu chake hakikusikika, mtu alitumwa na sahani akaangalie kuna nini. Leo tunamtuza aliyekinyamazisha, na nathibitisha kwamba hesabu ni sahihi. Mahali tunapoishi, ukimya ndio kodi ya kukaa. Ila sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakaa kwenye kiti cha mtu, nikiombea kinu kisisikike.

Asanteni kwa kunisikiliza, lakini msiyafunge masikio bado. Mama Marie, umekuja na kinu chako, na chini ya ukumbi huu hakuna anayeishi. Tafadhali, kitoe kwenye tairi. Twanga.