Mzuka wa Jumba la Mzee Eliufoo

Ndugu Mkuu wa Wilaya, uliyekubali kuliacha gari bondeni na kuupanda mlima wetu kwa miguu; Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na viongozi wa TANU; Mchungaji wetu na Shehe wetu, mlioketi benchi moja; wazee wangu, shikamooni; akina mama wenzangu; na nyinyi ndugu zetu mliotoka Kisiwani na Kihurio, kule tambarare, tangu alfajiri: poleni na safari, na karibuni nyumbani.

Nasema nyumbani kwa sababu nilizaliwa katika jumba hili. Mimi ni Eliakunda binti Filipo, mjukuu wa mzee Eliufoo aliyelijenga. Kamati imeniomba nieleze historia yake kabla halijafunguliwa rasmi kuwa zahanati na nyumba ya akina mama kujifungulia. Asubuhi hii Mwenyekiti alininong'oneza, "Dada, ya mizuka uyaruke." Ndugu Mwenyekiti, nisamehe. Nikiyaruka hayo, sina historia ya kusimulia.

Babu yangu alikuwa mtu wa kahawa na mtu wa fahari. Mawe haya yalichongwa mtoni, mbao za sakafu ya juu zilipasuliwa msituni Shengena, na mabati yalipanda mlima vichwani mwa watu kutoka stesheni ya Same. Watu walikuja kutoka mbali kuona tu ngazi iliyo ndani ya nyumba. Mzee Eliufoo alikuwa akisimama barazani, tambarare yote ikiwa chini yake, akasema, "Mimi hapa namwona kila anayekuja." Nani angedhani kwamba siku moja angemwona anayekuja, na asimfungulie?

Wa rika langu mnakumbuka tulivyoliogopa dirisha lile la juu. Waliotoka kufungulia maji kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, jua likizama, walisema wamemwona mwanamke wa kanga nyeupe amesimama pale, ametazama Kihurio. Wengine walisikia mbao zikilia, kama mtu anayetembea amejishika kiuno, kisha sauti ikiita: "Mama! Mama!" Kuna wachungaji, na wengine wapo hapa wanacheka, waliokimbia wakaacha mbuzi.

Hata mimi nilikimbia. Nilikuwa binti mdogo siku nilipoingia jikoni nikihema, kwa shangazi yangu Justa, dada wa baba, aliyenilea. Alikuwa akipepeta mahindi ya makande. Akauweka ungo chini.

"Unamkimbia nani?"

"Mzuka, shangazi."

"Huyo si wa kukimbiwa, Eliakunda. Kama yupo, ni mama yako."

Ndipo nikajua. Mama yangu aliitwa Lukia, binti wa wakulima wa mpunga wa Kihurio. Baba yangu, Filipo, alishuka kununua mchele, akarudi hana mchele wala moyo. Kwa kuwa yeye alikuwa Mlutheri na binti Mwislamu, wakaenda kufunga ndoa bomani. Babu hakuwafukuza. Aliwapa chumba cha juu, ila hakumsalimu mkwewe hata siku moja. Masika ilipofika, baba akiwa mbali kwenye kazi ya mkonge, uchungu ukamshika mama. Nikatoka mimi, akaondoka yeye. Baba aliporudi hakuweza kuishi chini ya paa hili. Alirudi mkongeni, na maradhi yakamchukua huko.

Ndugu zangu, mtoto anayeambiwa kwamba mzuka ni mama yake afanye nini? Wenzangu waliomba wasimwone. Mimi niliomba aje. Kila nikimaliza kazi za mchana nilipanda ngazi, nikaketi sakafuni nimeegemea ukuta, nikangoja. Nilivaa gauni langu la kanisani ili anikute nadhifu. Niliona haya kumwita, kwa sababu sikujua alikuwa akipenda kuitwa nani. Mbao zililia, ndiyo. Mwalimu wetu Tumainieli alinieleza kwamba bati likipoa jioni hujikunja, na mbao huitikia. Huenda. Lakini mimi sikutaka liwe bati. Nilikua, nikaolewa, nikapata watoto, na kila nilipokuja kumtembelea shangazi nilipanda tena ngazi ile. Hakuja. Hata kivuli.

Mwaka wa Uhuru, bendera mpya ilipopandishwa pale shuleni na ngoma zikasikika kutoka kila kilima, babu alikuwa mgonjwa kitandani. Aliniita.

"Unaisikia sauti ya juu?"

"Siisikii, babu. Nimeingoja miaka yote."

"Mimi naisikia. Haijanyamaza tangu siku ile." Akageuza uso ukutani. "Mama yako alikuwa akimwita mama yake. Na mama yake alikuja."

Nilikuwa sijawahi kuambiwa. Justa, kwa kificho, alikuwa amemtuma mtu Kihurio. Bibi Mwanamkasi, mama wa mama yangu, alikuwa mkunga anayejulikana tambarare nzima. Aliupanda mlima huu chini ya mvua, na kifurushi chake kichwani. Babu alimwona kutoka barazani, akafunga mlango. Akamwambia, "Nyumba hii ina wakunga wake. Mkunga wa tambarare hatumhitaji." Bibi akaketi kwenye ngazi ya nje, akimsikia mwanawe anaita, mpaka asisikie tena.

"Nilikuwa naogopa watu watasema nini," babu akasema. "Sasa hata sikumbuki ni watu gani."

Baada ya kumzika babu nilishuka Kihurio. Nilimkuta bibi akianika mpunga. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akanitazama muda mrefu, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, akaushika uso wangu kama mtu anayetafuta kitu gizani. Tulilia, tukala, tukacheka. Tangu hapo nikawa mjukuu wa pande mbili. Lakini kila nilipomwomba aje kwetu alisema, "Kwako nitakuja, mjukuu wangu, ukihamia bondeni. Mlima ule siupandi tena."

Vijiji vya ujamaa vilipopangwa, ukoo wetu ulikaa kikao, ukalikabidhi jumba kwa kijiji. Mkalipaka chokaa, mkaleta vitanda, Serikali ikatuletea muuguzi wetu, Ndugu Elirehema. Vitanda vikakaa vitupu. Mkumbuke, akina mama, mlivyosema: "Nani akazae panapolia maiti?" Mkaendelea kujifungulia majumbani, na mwaka jana tukawazika wawili. Nyote mnawajua; sitawataja, waume zao wapo hapa.

Mimi wakati ule nilikuwa mjamzito, na umri umekwenda. Nikashuka tena Kihurio.

"Bibi, nataka kuzalia chumba kile."

"Una wazimu."

"Nataka uwepo."

"Mlango ule nilifungiwa, Eliakunda."

"Aliyekufungia amekufa, bibi. Mlango sasa ni wa kijiji. Hakuna tena mwenye uwezo wa kuufunga."

Aliokota punje za mpunga zilizomwagika mkekani, moja moja. Kisha akasema, "Nitafutie watu wa kunishika mkono. Magoti yangu si yale."

Vijana wa Kisiwani walimbeba sehemu zenye mawe. Alipofika alipumzika kidogo kwenye ngazi ya nje, akainuka, akaingia. Alipanda juu. Akasimama katikati ya chumba, asiangalie mtu, akasema, "Lukia, mwanangu. Nimefika. Nilizuiwa."

Bati halikulia, mbao hazikulia. Bibi akakaa juu ya kitanda, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu masika ile, nasi tukamwacha. Alipomaliza alinawa mikono, akamwambia Ndugu Elirehema, "Haya, mwanangu, nionyeshe dawa zenu, nami nikuonyeshe mikono yangu."

Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa pale, mzima, kwa mikono yao wawili. Ni huyo anayewasumbua kwa kelele kule nyuma. Mwezi uliofuata akaja mama wa kwanza, kisha wengine, na leo vitanda havitoshi.

Wananiuliza kama mzuka ameondoka. Sijui. Watu wa zamu wanasema hawasikii kitu tena, na wanafurahi. Nami nafurahi kwa ajili yao. Lakini, ndugu zangu, nisiwafiche: yapo machweo ambayo napita chini ya dirisha lile na kupunguza mwendo. Ningempa chochote aliyewahi kumwona, anieleze tu alivyokuwa amesimama.

Ndugu Mkuu wa Wilaya, utepe ni wako kuukata, nasi tunakushukuru. Nawashukuru wanakijiji mliobeba mchanga, na bibi yangu Mwanamkasi, aliyeketi pale mbele na anayenikataza kwa macho nisimtaje. Ombi langu ni kwako, Ndugu Elirehema, na kwa kila atakayeshika kazi baada yako. Mwanamke akifika hapa, usimuulize ametoka mlimani au tambarare, wala anasali wapi, wala ameolewa na nani. Muulize uchungu umeanza saa ngapi. Na akimwita mama yake, mruhusu mama yake aingie.

Mmenipa masikio yenu muda mrefu juani. Ahsanteni sana.