Siku Nilipofunguliwa Mkaja

Nawasalimu nyote katika jina la Bwana! Mnaniona nimesimama hapa kwa miguu yangu? Basi semeni Amina!

Ndugu zangu, miaka ile ya hamsini tulikaa Muheza, mume wangu akikata mkonge. Mwanangu wa kwanza, Neema, alikuwa bado mchanga nilipoinama kisimani kuinua debe la maji. Kah! Mgongo ukakatika. Nikaanguka pale pale, nimelowa chapachapa.

Wanawake walinibeba hadi kitandani, wakanifunga mkaja, ile nguo ya kufungia tumbo la mzazi, wakaukaza kutoka kifuani hadi kiunoni. Wakaniambia nisiiname tena, nitavunjika. Nami nikatii! Nikalala miezi. Jua lilipenya makuti, likatambaa ukutani, likaondoka. Harufu ya maua ya michungwa iliingia dirishani na kutoka. Nilimsikia Neema akilia chumba cha pili, sauti yake ikinifikia kama inatoka ng'ambo ya mto. Walimleta anyonye, wakamchukua tena. Sikuweza kumnyanyua mwanangu mwenyewe, jamani!

Mama mkwe akatuma neno kutoka Amani: mahindi yakishavunwa, atashuka amchukue mjukuu wake akamlee huko mlimani. Moyo uliniuma kuliko mgongo. Nikaomba, "Bwana, niinue leo!" Leo ikapita.

Ndipo akaja Bi Mwanaidi, jirani yetu, mkandaji wa viungo. Msinikunjie nyuso! Ndiyo, ni Mwislamu, na alianza kwa Bismillahi. Mungu akikutumia mkono, utauuliza unasali wapi?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakukataza kuinama?"

"Wote."

"Basi waje walale wao."

Akaufungua mkaja. Nilipiga yowe, nikidhani nitamwagika! Akanichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, taratibu, mpaka nikawa sijui nimelala au naelea. Kisha akaniamuru nigeuke. Niketi. Kesho yake nisimame, nimeshika mlango. Nililia, nikamtukana moyoni. Yeye anacheka tu. "Mgongo unauma, haujavunjika. Haba na haba, mwanangu." Akanifundisha kupiga magoti kwanza, kukumbatia mzigo karibu na kifua, ndipo niinuke. Tulianza na kibuyu kitupu, tukaja kwenye kikapu cha machungwa.

Siku aliyofika mama mkwe, Neema alikuwa mkekani analia. Bibi yake akainama amchukue.

"Mwache, mama," nikasema.

Nikapiga magoti, nikamkumbatia, nikainuka naye! Alikuwa mzito, ndugu zangu, uzito mtamu ajabu! Mama mkwe alinitazama, machozi yakimtoka. Akaifungua mbeleko aliyokuja nayo kumchukulia mtoto, akamfunga Neema mgongoni kwangu.

Sisemi maumivu yalikwisha. Siku za mvua hunirudia, nami hujinyoosha, nikaendelea na jembe langu. Namshukuru Bwana, na Bi Mwanaidi namwombea kila siku. Nawe uliye kitandani kwa hofu, mwamini Mungu, usingoje mpaka uweze kuruka. Leo geuka ubavu mmoja tu. Amina!