Eksi Nyekundu kwa Sukuma ya Munyiva

Kijiwe cha Everlyn pale Riruta ni benchi moja, birika moja la kahawa na wanaume ambao hawajawahi kukosa jibu. Jumamosi hiyo Nzioka alifika mbio, macho yamemtoka. Jana yake alikuwa amebeba mapande ya zege kutoka Kitisuru, ya bure, yamejaa matope, akamjengea mkewe Munyiva kiukuta cha kuzungushia sukuma wiki. Kilipendeza, wacha nikuambie! Usiku mvua ikanyesha. Kulipokucha, Munyiva bado yuko kesha kanisani, Nzioka akakuta pande kubwa la mbele lina eksi nyekundu, ile alama ya jiji ya nyumba za kubomolewa.

— Walikuja usiku, akasema Kanjo, aliyefukuzwa uaskari wa jiji na bado anaringa nao. Huwezi kuwasikia. Wanavaa soksi juu ya viatu.

— Ni barabara hiyo, akasema Diplomat, mteja wa kila siku. Inatoka Upper Hill, inapita kwa sukuma yako, inaenda Uganda.

— Barabara wapi! akasema Kanjo. Ni reli ya chini ya ardhi.

— Kama ni ya chini, mbona eksi iko juu?

— Ndio usishuku!

Nzioka akameza kahawa bila kuipuliza, ikamchoma. Nyumba yake aliyoijenga kwa jasho, Mungu wangu, ikaponzwe na mboga!

— Wahenga walisema, usipojenga ukuta utaziba ufa, akasema Diplomat.

— Umegeuza, akasema Kanjo.

— Nimegeuza ama sijageuza, eksi si iko?

— Na wewe Nzioka, umefanya nini? akauliza Everlyn.

— Nimeng'oa mabati yote ya paa. Wakija, watabomoa kuta tupu!

— Huyo sasa ni mwanaume! Kanjo akampiga mgongo. Mwenye kovu usidhani kapoa!

Hapo Nasimiyu, mama mgeni aliyesimama tu kununua kahawa, akageuka.

— Samahani baba, hayo mawe ulitoa wapi?

— Kitisuru. Kuna ukuta ulibomolewa huko.

— Na kabla haujabomolewa, uliwekwa alama gani?

Diplomat akachungulia kikombe chake. Kanjo akainama kufunga kamba za viatu, na amevaa sandali. Nzioka akakumbuka yale matope, na mvua ya usiku iliyoyaosha. Upande wa Ngong radi ikanguruma, na simu yake ikalia.

— Baba Kiilu, akasema Munyiva, nimefika nyumbani, niko jikoni. Mbona naona mawingu?